Nyumba Iliyoitwa Korongo

Mjukuu wangu alibandika ramani yake sebuleni, juu ya kabati la vyombo, akaniambia nikae kitini nijifanye ukumbi mzima.

"Ukumbi mzima nitauweza?" nikamwuliza. "Makalio haya yanajaza viti viwili tu."

"Mke mwenzangu, usinichekeshe. Nikicheka nasahau."

Ndivyo tunavyoitana. Marehemu babu yake ndiye mume wetu. Tangu mtoto huyu anatambaa nilikuwa namfukuza jikoni, namwambia ameninyang'anya mume na sasa anataka na sufuria. Alipojua kusema akaanza kunijibu. Sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni, na bado ananijibu.

Ijumaa ile wanafunzi wa idara yao walikuwa wawasilishe utafiti wao mbele ya wahadhiri na wageni. Mwanafunzi anasimama, anaonyesha picha zake ukutani, anaeleza alichotafuta na alichopata, kisha anaulizwa maswali. Kazi zinazopendeza huingia katika kitabu ambacho idara huchapisha kila mwaka. Mjukuu wangu alikitaka kitabu kile kama mtoto anavyotaka titi. Hakusema, lakini mtu anayelala na kitabu cha mwaka uliopita chini ya mto hana haja ya kusema.

Utafiti wake ulihusu kuazimana. Nani anaazima nini kwa nani, anakirudisha vipi, na asipokirudisha mwenyewe anakidai kwa maneno gani. Aliponieleza mara ya kwanza nilimcheka. Nikasema, chuo kizima kile, magorofa yale, mtu anakwenda kusomea chekeche la jirani?

Akasema, "Bibi, ukitaka kujua watu wanapendana kiasi gani usiwaulize wanapendana kiasi gani. Waulize pasi yao iko wapi."

Hiyo niliielewa palepale.

Basi akapita nyumba sita za upande wetu wa barabara, jioni baada ya jioni, anauliza na kuandika. Aliahidi kila mtu kwamba jina lake halitatajwa, na kila nyumba akaipa jina la ndege. Kwangu pia alikuja. Alipiga hodi kwenye mlango ambao funguo zake anazo mfukoni, akaniita "mshiriki," akanipa karatasi nisaini. Nilitia saini kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, herufi zimesimama wima kama askari, kisha nikamjibu kwa fahari.

Nikamwambia, andika: mimi siazimi. Nina machekeche mawili, la unga na la nafaka. Nina ngazi, koleo, nyundo mbili. Nina pasi ya umeme na ya mkaa kwa siku umeme ukikatika. Nina sindano za kila unene, hata ile ya kushonea magunia. Mume wetu alipofariki nilijiapia kwamba hakuna atakayefungua mlango wake anikute mjane nimesimama na bakuli, nikawa nanunua kimoja kimoja mpaka nyumba ikakamilika. Na nikamwambia, andika na hili: anayetaka kuazima kwangu aje, mlango uko wazi. Aliandika yote, hata kalamu haikupumzika.

Sasa ramani ndiyo ile ukutani. Ndege sita, kila mmoja ndani ya duara lake, maduara yamepangwa mviringo ili mtu asijue nyumba ipi iko wapi. Pembeni ya kila duara kulikuwa na vitu vya nyumba hiyo, na kati ya maduara mistari ya wino wa bluu, kila mstari ni kitu kilichoazimwa. Njiwa na Kanga walikuwa wamefungwa pamoja kama uzi uliomponyoka paka. Kasuku alikuwa na mistari hadi haonekani. Shomoro na Mbayuwayu vilevile. Na chini kulia alikuwa Korongo, peke yake, na mstari mmoja mwembamba.

"Hawa maskini wamegombana na watu?" nikauliza.

Mjukuu wangu akaanza kuinyoosha kona ya karatasi ambayo haikuwa imejikunja.

Nikainuka, nikavaa miwani. Nikasoma pembeni ya Korongo: chekeche la unga, chekeche la nafaka, ngazi, koleo, nyundo mbili, pasi mbili. Hapo kwenye sindano ya magunia ndipo nilipovua miwani.

"Na huu mstari?"

"Kiberiti."

"Ni Mama Pacha, jirani yetu, siku ile ya mvua," nikasema.

"Siwezi kusema ni nani, Bibi."

"Husemi wewe, nasema mimi. Alichukua njiti chache akazifunga kwenye kanga zisilowane. Hakurudi tena?"

Nikamwambia aendelee, maana ukumbi mzima ulikuwa unasubiri. Akaendelea, sauti imeshuka. Akasema alichokigundua ni kwamba nyumba zinazoazima sana ndizo zinazoazimwa sana, na nyumba yenye vitu vingi kuliko zote ndiyo haigongwi mlango, kwa sababu yenyewe haigongi mlango wa mtu. Kisha akasoma maneno ya Njiwa, jinsi alivyoyatamka Njiwa mwenyewe:

"Kwa Korongo kila kitu kipo. Lakini mtu asiyekuja kwako kuomba hata chumvi, wewe utaanzaje kwenda kwake? Utajiona ombaomba. Mimi nampita mlangoni, naenda mbali."

Nilikaa. Chai yangu ilikuwa imepoa, nikainywa hivyohivyo.

"Naweza kuitoa," akasema. "Karatasi uliyosaini inasema mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote. Natoa Korongo, na maneno ya Njiwa yanaondoka naye."

"Kunabaki nini?"

"Nyumba tano zinazoazimana."

"Hiyo ni habari?"

"Si habari, Bibi. Hata mbuzi anajua kwamba majirani huazimana."

"Na kitabu?"

"Kitabu kitasubiri." Alisema hivyo akiwa ananipa kisogo, anabandua ramani. "Ila majirani wote nimewaalika Ijumaa, na wanajua nyumba yenye machekeche mawili. Sitaki uaibike mbele yao. Fikiria, uniambie kesho jioni."

Nilifikiria. Mimi si mtu wa haraka. Kuchambua maharage kwangu ni kazi ya asubuhi nzima, kila punje naigeuza. Lakini asubuhi iliyofuata nilijiona nimepata dawa. Kama tatizo la Korongo ni kukosa mistari, si mistari itafutwe? Siku nzima nilikuwa nayo.

Nikaanzia kwa fundi cherehani, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Nilimkuta mguu uko kwenye pedali, pini zimejaa midomoni.

"Hodi, jirani."

"Mm," akasema kwa pini.

"Nimekuja kuazima chekeche."

Mashine ikanyamaza. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pamba, akanitazama.

"Sema tena."

"Chekeche. La unga."

"La kwako lina nini?"

"Limetoboka."

"Na lile lingine?"

"Nalo."

"Yote mawili, siku moja? Panya wamefanya mkutano?"

"Jirani, unaniazima au huniazimi?"

Akainuka, akalileta. Lilikuwa na unga ukingoni na waya umelegea upande mmoja. "Hili halina adabu," akaniambia. "Ligonge kiganjani kwanza, ndipo linakubali kazi." Nikashukuru. Nilipotoka sikusikia mashine ikianza tena. Nilijua amekuja dirishani.

Nikaenda kwa Mama Pacha kuazima ngazi. Mama Pacha ni mtu wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Unapanda wapi na umri huo?"

"Darini."

"Ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa nimeshafika chini, sitasumbua mtu."

Akashika ngazi upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaibeba mpaka uani kwangu. Alitaka kuingia, nikamzuia kwa shukrani nyingi, nikamrudisha mlangoni kabla hajaiona ngazi yangu nyuma ya pipa. Kisha nikaenda kwa nesi mstaafu kuomba pasi. Nesi alinipa pasi, akanishika kiganja cha mkono muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa ananipima mapigo ya moyo.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nikavipanga vitu vya watu mezani, nikavipangusa vumbi. Kwa hesabu yangu Korongo alikuwa ameanza kupata marafiki.

Alasiri nikasikia hodi. Kufungua, nakuta msafara. Mbele yuko nesi na mkoba wake wa dawa. Nyuma yake Mama Pacha amebeba sufuria yenye mfuniko. Nyuma kabisa fundi cherehani, na blanketi kifuani.

"Pole, jirani," akasema nesi. "Pole sana."

"Ya nini?"

"Usijikaze," akasema Mama Pacha. "Mtaa mzima tumeshajua. Wamepitia wapi, dirishani?"

"Nani?"

"Wezi!"

Waliingia kabla sijapata neno la kuwazuia. Walikuwa wamekaa wakalijadili jambo: mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata uzi, leo anazunguka mtaani anaomba chekeche, ngazi na pasi. Kuna maelezo gani mengine? Ameibiwa kila kitu na anaona haya kusema. Blanketi lilikuwa la kujifunika, kwa sababu mwizi wa siku hizi habakishi hata shuka.

Fundi cherehani ndiye aliyetazama jikoni. Machekeche yangu mawili yalikuwa kwenye misumari yao, mazima, yanang'aa. Pasi zangu mbili zilikuwa rafuni. Mama Pacha akachungulia uani, akarudi polepole.

"Ngazi ziko mbili," akawatangazia wenzake. "Jirani, ngazi mbili unapanda wapi, mbinguni?"

Nesi ndiye aliyeanza kucheka, akifuatwa na Mama Pacha, mpaka akaishikilia ile sufuria isimwagike. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Lakini fundi cherehani hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni, blanketi bado analo mapajani.

"Nani amekuletea maneno yangu?" akauliza.

Na mjukuu wangu ndiyo kwanza anaingia, begi begani, anawakuta majirani wote, ngazi, pasi na blanketi.

"Sikutaja jina la mtu!" akasema, kabla hata ya salamu. "Haki ya Mungu, Bibi, mwambie. Sikutaja mtu."

"Hakutaja," nikasema. "Njiwa amejitaja mwenyewe sasa hivi."

Nesi na Mama Pacha wakakumbuka kwamba wana vitu motoni. Mama Pacha aliacha sufuria. Alisema chakula kikishaletwa hakirudi. Ngazi nayo akaiacha.

Mjukuu wangu akavizunguka vile vitu mezani. "Bibi, hivi vyote vya nini?"

"Mistari," nikamwambia. "Mitatu. Chora."

Akakaa chini sakafuni kabisa, akajishika kichwa. "Mke mwenzangu, nilifunga kukusanya habari tangu mwezi uliopita."

"Si ufungue?"

"Hakufunguliwi. Tena ukiazima ili uonekane unaazima, hiyo si habari, ni maigizo. Nikiichora nitakuwa nimeghushi."

"Umeghushi nini? Chekeche si hili hapa?"

"Bibi!"

"Haya, haya."

Akainuka, akanibusu utosini, akaenda chumbani kwake. Nikabaki na fundi cherehani. Nikamimina chai vikombe viwili, tukakaa. Alikuwa anachezea pindo la blanketi, anatafuta uzi uliolegea kama ilivyo kawaida ya mikono yake.

"Unanikasirikia?" akauliza.

"Nikikukasirikia nitakuwa nalikasirikia chekeche lako, na bado sijalitumia."

"Mimi sikusema kwa ubaya. Mtoto aliniuliza, nikajibu. Sindano yangu ya kitambaa kizito ikikatika usiku wa kazi, naijua ya kwako iko hapo ng'ambo ya ukuta, naweza kuinyooshea mkono. Navaa viatu, naenda mpaka kwa nesi."

"Kwa nini, jirani? Ningekunyima?"

"Usingeninyima. Ungenipa, ungenipa na chai. Ndilo tatizo. Ningekulipa na nini? Huna unachokosa. Ukiazima kwa mtu leo, kesho naye anakuja kwako, mnakuwa sawa. Wewe nilikuwa naona kama nakuja kwa tajiri."

"Tajiri!" nikasema. Nikaitazama nyumba yangu, mapazia niliyoyashona kwa mabaki ya mashuka.

"Tajiri wa machekeche," akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Nilikuwa na mengi ya kumweleza, habari za mume wetu na za kile kiapo cha bakuli. Sikumweleza. Alikuwepo msibani, alijua. Nikamwongezea sukari.

Jioni nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia Korongo abaki.

"Una hakika?"

"Watakaomtambua ni hawa hawa, na hawa wameshamtambua. Wengine watajua kwamba kuna ndege fulani mahali fulani. Weka."

Hakunishukuru kwa maneno. Alikwenda kuosha vyombo vyote, hata vile visafi.

Ijumaa tulikwenda wanne: mimi, fundi cherehani, Mama Pacha na nesi. Nilivaa viatu vyangu vya ngozi, vile vya kufungwa kwa vijikamba, ambavyo huvaliwa mara chache na kwa hiyo havijawahi kunizoea. Ukumbi ulikuwa mrefu, viti vya plastiki, feni moja inazunguka na nyingine inatazama tu. Mbele kulikuwa na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, na wahadhiri watatu wamekaa mezani na chupa zao za maji. Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani. Kijana mmoja alikuwa amevaa suti ya mtu mrefu kuliko yeye. Binti mwingine alikuwa anasema na ukuta, macho amefumba, anakariri.

Nilisikiliza kila mmoja. Yule wa suti alieleza maji ya mvua yanavyopotea kwenye mapaa ya shule, na alikuwa ameyapima kwa ndoo. Yule aliyesema na ukuta alisimama akasahau neno la kwanza, akaanza la pili, na baadaye akasema vizuri mpaka nikampigia makofi peke yangu kabla ya wakati. Nesi akanishika mkono.

Ikafika zamu ya mjukuu wangu. Picha ya ndege sita ikatokea kubwa kama nyumba.

"Kasuku ni wewe," nesi akamnong'oneza Mama Pacha.

"Mimi? Kasuku ni yule anayesema katika ukumbi wa watu."

"Una mistari mingi wewe, huna hata kijiko chako."

"Nyamazeni," akasema fundi cherehani. "Mimi ni Njiwa, nimetulia."

Mjukuu wangu alisema bila kutazama karatasi. Alipofika kwa Korongo sauti yake haikushuka. Akasoma maneno ya Njiwa, na watu wakacheka mahali pa kuchekea, kisha wakaacha. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya, lakini nilijikuta natazama ule mstari mmoja. Kwa ukubwa ule, kiberiti cha siku ya mvua kilikuwa kama barabara.

Alipomaliza alipigiwa makofi. Ndipo mhadhiri mmoja, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akavuta kipaza sauti.

"Kazi nzuri. Nina swali moja. Wewe unaishi mtaa huu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Katika mojawapo ya nyumba hizi sita?"

"Ndiyo."

"Ipi?"

Mhadhiri aliyekaa pembeni, mwanamume mwembamba, akasema labda hapaswi kujibu, maana amewaahidi watu siri. Yule mama akakubali kwa kichwa.

"Ana haki ya kukataa. Lakini huwezi kuchora mtaa, ukajificha ndani yake. Msomaji lazima ajue umetazama kutoka dirisha lipi. Bila hilo mimi siwezi kuipendekeza kazi hii iingie kitabuni. Jibu ukiweza."

Nilimwona mjukuu wangu. Alikuwa anatazama sakafu, anatazama kitambaa, anatazama feni mbovu. Kote alitazama isipokuwa nilipokaa mimi, kwa sababu macho yake yangekuja kwangu na macho ya ukumbi yangeyafuata. Ndivyo nilivyojua anachokwenda kusema.

"Siwezi, mwalimu," akasema. "Niliahidi."

"Sawa," akasema yule mama, bila ubaya. Akavaa miwani, akashika kalamu aandike kwamba hakujibu.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kwenye vikao vya mtaa naketi nyuma. Sikusimama, viatu navyo visingekubali. Nilisema nikiwa palepale kitini, kwa sauti ninayoitumia kumwita mtu aje kula.

"Mwambie tu, mke mwenzangu."

Ukumbi mzima ukageuka. Kwanza walitafuta mke mwenza yuko wapi, kisha wakaona mvi zangu, wakamwona mjukuu wangu amejifunika mdomo, na kicheko kikapanda kutoka viti vya nyuma mpaka meza ya wahadhiri. Yule mama mfupi naye alicheka, miwani ikamdondoka puani.

Kicheko kilipokwisha mjukuu wangu alikuwa ananitazama. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Korongo," akasema. "Mimi naishi Korongo. Yule ni bibi yangu, na hiyo ndiyo nyumba yetu."

Hakuna aliyecheka tena. Mhadhiri aliandika kitu, akainua uso.

"Ulipoona matokeo ya nyumba yenu, ulifikiria kuyaondoa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini hukuyaondoa?"

"Mwenye nyumba alikataa."

"Na kama angetaka yaondolewe?"

"Ningeyaondoa. Nisingekuwa na utafiti, ila ningeyaondoa."

Yule mama akazungusha kalamu vidoleni. "Yaandike hayo," akasema. "Yote. Yaweke mwanzoni, kabla ya ramani. Ueleze unaishi wapi, na ulitaka kufanya nini, na nani alikuzuia. Kisha uniletee Jumatatu, tuone ukurasa gani unakufaa."

Mama Pacha hakuelewa. "Amepita?" akaniuliza. "Mbona amepewa kazi nyingine?"

"Amepita," nikasema. Nikatafuta leso.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Mjukuu wangu alizungukwa na wenzake pale ngazini. Yule wa suti ndefu alikuwa anamwuliza kama kweli bibi yake ni mke mwenzake, naye anamwambia ndiyo, na kwamba mke mkubwa ni mimi. Nikaona nisimsubiri. Tukaanza kushuka njia ya kokoto kuelekea getini, nesi na Mama Pacha mbele, mimi na fundi cherehani nyuma. Kisigino changu cha kulia kilikuwa kimeshachunika. Nilivumilia mpaka kwenye kona ya maktaba, kisha nikasimama, nikashika ukuta.

Fundi cherehani ni mtu anayejua safari. Alikuwa na ndala ndani ya mkoba wake, nilikuwa nimeziona alipotoa leso ukumbini. Hakunipa. Alisimama tu kando yangu, anatazama maua.

"Jirani," nikamwambia, "niazime ndala zako."

Akazitoa, akaziweka chini mbele ya miguu yangu. Akainama kunifungulia vijikamba, nikamwambia acha, nitafungua mwenyewe. Ndala zilikuwa kubwa kidogo na zimelika upande wa nje, anakotembelea yeye. Nikatia miguu. Nilihisi raha mpaka mgongoni.

"Nazitaka Jumapili," akasema.

"Jumapili nitakuletea."

"Na usinioshee. Nakujua wewe. Utazisugua na brashi, uzianike, uniletee zinang'aa kama za dukani, mtu aone haya kukuazima tena."

Nikamwambia nitazirudisha na vumbi lake lote.